Ngata, Boga na Molekuli Shikizi

"Dawa imeota pamba, baba," shangazi aliniambia, akakiinua kichupa kuelekea mwanga wa mlango ili na mimi nione.

Nikaona. Insulini yake ni ile ya maji maangavu, isiyo na unga wa kutikisa, na siku zote huwa safi kama maji ya mvua yaliyokwisha kutulia. Safari hii zilielea ndani yake nywele nyeupe, nyembamba mno, zimekusanyika begani mwa kichupa pale maji yanapokutana na hewa. Kichupa kilikuwa kimetoka mjini siku kadhaa nyuma, mfukoni mwa koti la kijana wa bodaboda, kwenye jua la Oktoba, juu ya barabara ya vumbi yenye mikunjo kama bati. Shangazi alikipokea akakiweka anapoweka dawa zake siku zote: ndani ya mtungi mdogo uliokaa ndani ya mtungi mkubwa, na katikati yake mchanga uliolowa maji. Mtungi haukuwa na kosa. Jua na mtikisiko wa njiani vilikuwa vimekwisha kufanya yao. Kichupa kile hakikutumika tena, na jioni ile kikatafutwa kingine.

Lalago iko wilayani Maswa, mkoani Simiyu, na Simiyu ni mkoa wa pamba kuliko mwingine wowote nchini. Huko mtu hasemi "pamba" kwa kubahatisha. Anaitambua pamba safi na pamba fifi hata gizani, kwa kugusa tu. Anajua uzi unaokatika na uzi unaovutika, na anajua mbegu ikishachambuliwa inakwenda kuwa mafuta na mashudu. Shangazi amevuna buluba, kama sisi Wasukuma tunavyoiita, tangu akiwa mtoto wa kubebeshwa kikapu. Kwa hiyo neno lake nililichukua kwa uzito, nikalikuta ni zito kuliko nilivyodhani. Wanakemia nao, kwa Kilatini chao, husema vilevile: insulini iliyochoshwa na joto hugeuka nyuzi. Mkulima na mwanasayansi wameangalia kichupa kimoja, na kila mmoja kwa njia yake amelifikia neno moja.

Mimi kazi yangu ni kufasiri vitabu vya sayansi, na kwa miaka kadhaa lipo jina moja linalonikera kila ninapoliandika. Ni jina la molekuli zinazotengenezwa maabara ili ziishike protini inayoyumba na kuizuia isiharibike. Kiswahili cha vitabuni, pale kinapozitaja, huziita "vipokezi sanisi". Jina hilo lina sura nzuri, limekatwa vizuri, na nadhani si sahihi.

Nianze na protini yenyewe. Wazee wengine waliosoma shule zamani bado wanaiita utomwili, jina ninalolipenda ingawa najua "protini" limekwisha kushinda. Protini ni mnyororo wa asidi amino uliojikunja. Insulini ni ndogo, ina asidi amino 51 tu kwenye minyororo miwili. Frederick Sanger alizipanga moja baada ya nyingine mpaka akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1958, na mwaka 1969 Dorothy Hodgkin na wenzake wakaonyesha umbo lake zima. Picha ya umbo hilo kitabuni hudanganya, kwani unaiona insulini imetulia kama jiwe la figa. Kichupani haitulii. Molekuli sita hukaa pamoja kwa msaada wa zinki, kisha mojamoja huchomoka, na iliyochomoka hulegeza ncha ya mnyororo wake ikaacha wazi sehemu za ndani, zile zisizopenda maji. Joto likipanda, au maji yakitikiswa hadi yakutane na hewa mara nyingi, molekuli zilizofunuka hugusana kwa sehemu hizo, hushikana, hupangana, zikawa uzi. Na uzi mmoja ukishaanza huwa mfano kwa wengine.

Ndiyo maana maelekezo ya kila siku ni kuihifadhi insulini kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, maelekezo ambayo nyumba isiyo na jokofu huyasikia kama mzaha. Hali si mbaya hivyo kote. Madaktari Wasio na Mipaka walipima joto la ndani ya nyumba katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mwa Kenya, wakaona linapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 usiku na 37 mchana. Wakishirikiana na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Geneva wakaiweka insulini kwenye joto la kupanda na kushuka namna hiyo kwa wiki nne, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2021 ikawa na nguvu karibu sawa na ile iliyokaa kwenye jokofu. Lakini nyumba ya Dagahaley haitikisiki, na mfuko wa koti kwenye bodaboda unatikisika.

Sasa, tuiite vipi protini ya namna hii? Nimeona "protini legevu" kwenye maandishi ya mwanafunzi mmoja, nikaifuta kwa wino mwekundu. Ulegevu ni kasoro. Kamba iliyolegea ni kamba iliyoshindwa, na mtu mlegevu hasifiwi. Insulini hainyooshi mnyororo wake kwa sababu ni dhaifu. Ikifika mwilini, kwenye ukuta wa seli, ni lazima ifungue ncha ileile ndipo ikae barabara mahali pake na sukari ipate njia ya kuingia. Isiponyumbuka haifanyi kazi. Basi ni protini nyumbufu, kama upinde: upinde hupindwa, na katika kupindwa huko ndimo ilimo nguvu ya mshale. Hatari ya kichupani na kazi ya mwilini zinatoka kwenye tabia moja, na yeyote anayetaka kuisaidia insulini anatakiwa aishike njiani na aiachilie ikifika.

Hapa ndipo "kipokezi" kinapoanza kukwama. Pale kwenye ukuta wa seli insulini inapopokelewa, pana protini kubwa ambayo vitabu vyetu vya biolojia vimeiita kipokezi kwa haki kabisa. Ni mlango, insulini inabisha hodi, inapokelewa, habari inapita ndani. Ukiiita na molekuli ya maabara "kipokezi", utajikuta unaandika sentensi kama hii: kipokezi huishika insulini isipokelewe mapema, mpaka itakapopokelewa na kipokezi. Mwanafunzi wa kidato cha nne atafunga kitabu, na hatakuwa na kosa.

Ipo na shida ya neno lenyewe. Kupokea ni kutwaa kinachokuja. Dirisha la mapokezi hospitalini linakupokea, linaandika jina lako, lakini matibabu yako chumba kingine. Nikiri hata hivyo kwamba nimewahi kuutetea upande wa pili. Nilipokuwa mtoto, mgeni akitokea njiani amebeba furushi, mama alitupigia kelele: "Mpokeeni mzigo!" Kupokea kwa namna hiyo ni kumpunguzia mtu uzito, ni kumsaidia kusimama. Kama "kipokezi" kingebeba maana hiyo ningenyamaza. Hakiibebi. Katika sayansi kimekwisha kuwa mlango, na huo ndio utakaosomwa.

Wazungu wenyewe walifikaje kwenye majina yao? Nimelifuatilia hili kwa muda, na nilichokikuta kimenifurahisha. Mwaka 1894 Emil Fischer wa Ujerumani alisema kwamba kimeng'enya na kile kinachomeng'enywa hukaa kama kufuli na ufunguo. Kuanzia hapo kemia ya kushikana ikajaa vyombo vya nyumbani. Charles Pedersen, aliyezaliwa Busan, Korea, mwaka 1904, baba Mnorwei na mama Mjapani, alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya DuPont nchini Marekani alipogundua molekuli za mviringo zinazoikumbatia ayoni ya potasiamu katikati yake. Alipotazama kielelezo chake akaona mfalme amevishwa taji, akaziita etha za taji, na habari yake ikatoka mwaka 1967. Jean-Marie Lehn wa Ufaransa akatengeneza zinazofunika pande zote, akazipa jina la Kigiriki lenye maana ya kitu kilichofichwa. Donald Cram wa Marekani akauita uhusiano wote huo kuwa ni wa mwenyeji na mgeni. Watatu hao wakagawana Nobel ya kemia mwaka 1987. C. David Gutsche naye alizitazama molekuli zenye mdomo mpana na kitako chembamba, akazipa jina la chombo cha Wagiriki cha kuchanganyia divai. Wengine wametengeneza koleo: molekuli yenye taya mbili inayoikamata asidi amino ya lisini na kuizuia protini moja ya ubongo isijipange kuwa nyuzi, zile zinazoambatana na ugonjwa wa Parkinson.

Taji, kombe, koleo. Hakuna aliyeogopa kwamba jina la chombo litaishusha sayansi.

Nililisoma jina la Pedersen nikiwa Lalago, nimekaa chini ya mti karibu na njia ya lambo. Kina mama walikuwa wakirudi na maji. Mtu akiona taji pale, ni kwa sababu amekulia kwenye picha za wafalme. Mimi niliona ngata. Ngata ni kanga iliyosokotwa ikaviringishwa duara, ikakaa kati ya kichwa na ndoo. Kichwa ni cha mviringo, kitako cha ndoo ni bapa, viwili hivyo havipatani. Ngata hujikunja kufuata vyote viwili. Shingo inanyumbuka, kiuno kinanyumbuka, miguu inakwepa mawe, maji hayamwagiki. Hakuna gundi wala msumari. Mama akifika anatua ndoo, anaikunjua ngata, imekuwa kanga tena, anajifunga kiunoni.

Taji na ngata zote ni duara, zote hukaa kichwani. Ila taji huvaliwa ili ionekane, na ngata huvaliwa ili mzigo ufike. Kwa molekuli ninazozizungumzia, ninaliona la pili kuwa karibu zaidi na ukweli.

Iko molekuli moja ya duara ambayo ningetaka kila mwalimu wa kemia wa Simiyu aijue, kwa sababu ya jina lake na kwa sababu ya insulini. Robert Behrend na wenzake waliipata mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1905, lakini hawakujua umbo lake. Ilisubiri hadi 1981, William Mock na wenzake walipolionyesha: duara la vipande vinavyofanana vilivyounganishwa ubavu kwa ubavu, tumbo limetuna, juu na chini wazi. Wakaona boga. Basi wakachukua jina la Kilatini la ukoo wa maboga, ukoo uleule wa matango, matikiti na mamumunye, wakaiita kwalo. Nikilitohoa linakuwa kukabiturili, na mdomo unachoka kabla ya kufika mwisho. Kila mtoto wa Lalago aliyewahi kukata boga kwa ajili ya chakula cha jioni angeiita kwa neno moja.

Boga la vipande saba lina uwazi wa kutosha kidole kimoja cha fenilalanini, asidi amino yenye kichwa cha pete kisichopenda maji. Ndani ya boga pakavu, na midomo yake miwili imezungukwa na atomi za oksijeni zinazovuta chaji chanya. Kwenye insulini, mmoja kati ya minyororo miwili huanza kwa fenilalanini, na mwanzo wa mnyororo una chaji chanya. Kidole kinaingia tumboni mwa boga, chaji inakaa mdomoni. Mwaka 2016 Matthew Webber na wenzake wa Massachusetts Institute of Technology walilifunga boga hilo mkia mrefu laini wa polietilini glikoli, wakalichanganya na insulini, wakaitikisa kwenye joto la nyuzi 37, yaani safari ya bodaboda isiyokuwa na mwisho. Insulini ya kawaida ilichafuka mapema. Ile yenye boga haikuota nyuzi kwa angalau siku 100. Na kwa kuwa boga halikuunganishwa na insulini bali liliishika tu, ikiingia mwilini na kuzimuliwa na maji ya mwili, boga huachia. Hiyo ni kazi ya maabara, bado si kitu cha kuuliziwa kwenye duka la dawa. Lakini niliposoma maelezo yake nilikumbuka nywele nyeupe zilizokuwa begani mwa kichupa cha shangazi, nikayasoma tena polepole.

Nirudi kwa Cram na wenyeji wake. Kiswahili kina utajiri mkubwa wa ugeni na uenyeji, na jambo la kwanza lililonijia lilikuwa ule msemo wa mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilitaka kuutumia, kwa kuwa hapa yupo kweli anayepona kwa kuja kwa mwingine. Kisha nikauliza: nani mwenyeji? Kwa kanuni ya Cram mwenyeji ni mwenye uwazi, basi ni boga. Lakini insulini ni nzito mara tano ya boga. Mgeni gani huyu anayekuja mkubwa kuliko nyumba, akaingiza kidole kimoja mlangoni, akabaki nje mwili mzima? Na anayepona ni yeye mgeni, mwenyeji hakuwa na tatizo lolote. Picha ya Cram ilifaa kwa taji na potasiamu yake, ambapo mgeni anaenea ndani. Ikifika kwenye protini inapinduka. Nimeuacha msemo mahali pake.

Kilichonisaidia mwishowe kilikuwa kitenzi. Chukua shika. Ongeza viambishi vyake uone kinavyonyumbuka: shikana, shikamana, shikilia, shikisha, shikiza. Lugha nyingine ingehitaji maneno matano yasiyofanana, sisi tunahitaji mkia wa silabi moja au mbili. Shikana ni ya wawili walio sawa. Shikamana ni kuganda pamoja, na hivyo ndivyo zinavyofanya nyuzi zenyewe, kwa hiyo neno hilo ni la ugonjwa, tulihifadhi huko. Shikilia ni kukataa kuachia. Shikiza ni jambo jingine kabisa. Fundi cherehani akikupimia suruali, hupita kwanza na mishono mirefu, mepesi, ya kushika kitambaa kisihame wakati anaposhona mshono wenyewe. Hiyo ni kushikiza. Mshono huo haukusudiwi kubaki. Kazi ikiisha anauvuta uzi kwa ncha moja, unatoka wote, na nguo haina alama.

Sijapata maelezo bora zaidi ya boga na insulini kuliko hayo.

Na tayari wananchi wanalijua neno katika umbo la sifa. Shule shikizi ni shule ndogo iliyoegeshwa kwenye shule mama, ili watoto wa kijiji cha mbali wasitembee kilomita nyingi wakiwa bado wadogo. Mwaka 2021, katika fedha za mkopo wa kukabiliana na UVIKO-19, yalitengwa madarasa 3,000 kwa ajili ya shule shikizi nchini. Katika mikoa yetu ya vijiji vilivyotawanyika hakuna mzazi anayehitaji kufafanuliwa maana yake. Kwa hiyo ninapendekeza molekuli shikizi. Tamka mara mbili: haihitaji maelezo ya chini ya ukurasa.

Kuna mpaka mmoja ambao jina hili linaulinda, na kwa mwanakemia mpaka huo ni kila kitu. Kuunga si kushikiza. Vitu vikiungwa vimekuwa kitu kimoja, na kuvitenganisha ni kuvunja. Mfano uko kwenye mashudu yetu wenyewe. Mbegu ya pamba ina rangi ya njano iitwayo gosipoli, jina lililotokana na jina la Kilatini la mpamba. Gosipoli hujiunga na lisini ya protini, na ikishajiunga lisini hiyo haimnufaishi mlaji. Kuku na nguruwe wakilishwa mashudu kupita kiasi hudhurika kwa gosipoli iliyobaki huru. Ng'ombe mzima huvumilia zaidi, kwa kuwa katika tumbo lake la kwanza gosipoli hukutana na protini na kufungwa humo. Wafugaji wa Simiyu wanajua nani alishwe mashudu na nani asilishwe, ingawa hawajawahi kuisikia lisini. Huko ni kuunga. Tukitumia "kufunga" au "kuungana" kwa yote mawili, kama tafsiri nyingi zinavyofanya, tumeipoteza tofauti iliyopo baina ya mshono na mshikizo.

Kwa hali ya protini iliyoshikizwa ninapenda tengemaa. Mgonjwa aliyekuwa akitapatapa tukiambiwa ametengemaa, tunaelewa kwamba hajawa jiwe. Anapumua, anageuka, anazungumza, ila hayumbi tena. "Imarisha" linasikika kama kumwaga zege. Molekuli shikizi huitengemaza protini nyumbufu: sentensi nzima ya kemia, na bibi anaweza kuisikia akaielewa nusu yake kabla hajaelezwa.

Kuna neno moja nililokaribia kulichagua na bado linanivuta. Kamusi kongwe zinasema kuganga ni kufunga pamoja kilichovunjika, na gango ni kitu cha kushikia kilichovunjika: banzi la mfupa, kibanio cha ubao uliopasuka. Mganga, kabla hajawa mtu wa dawa, huenda alikuwa mtu wa kufunga. Katika nchi ya Wasukuma, ambako mganga, nfumu, ni mtu mwenye heshima na kuogopwa kwake, neno hili lina mizizi mirefu. Sikulichagua kwa sababu insulini ya kichupani haijavunjika. Lakini ipo protini iliyovunjika kweli. Protini iitwayo p53 hulinda seli zisigeuke saratani, na molekuli zake hufanya kazi zikiwa nne pamoja, zimeshikana. Kusini mwa Brazili kuna familia nyingi zenye mabadiliko ya asidi amino moja tu, ya 337, yanayolegeza mshikano huo, na baadhi ya watoto wao hupata saratani ya tezi za juu ya figo. Mwaka 2008 watafiti wa Hispania walionyesha kwamba makombe ya Gutsche, yakitengenezwa kwa vipimo vya protini hiyo, huingia kwenye mianya baina ya zile nne na kuzishika pamoja tena. Hilo nitaliita gango bila kusita. Istilahi mbili, kwa sababu mambo ni mawili.

Najua nitakavyojibiwa: maneno ya jikoni na ya kisimani hayafai vyuoni. Jibu limo kwenye rafu. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilitoka mwaka 1990, na jadi hiyo ya kuunda istilahi ndiyo tunayoishi nayo. Kimeng'enya kimetokana na kumeng'enya chakula, kazi ya meno na tumbo. Selimundu, ugonjwa ambao kanda yetu ya Ziwa inaubeba mzigo mkubwa, imechukua mundu wa mavuno ikaupa seli, na mama aliyeketi kliniki na mtoto wake analiona umbo la damu ile akisikia jina tu. Kishikwambi watu walikicheka, mpaka Sensa ya mwaka 2022 ilipokipeleka mikononi mwa makarani nchi nzima, na baadaye mikononi mwa walimu. Leo hakicheki mtu. Istilahi hukaa kifaa kikifika na mtu akalihitaji jina. Kasoro yetu ni kwamba tunasubiri kifaa kifike kwanza na jina lake la kigeni, ndipo tukimbie kutafuta letu.

Nilimweleza shangazi habari ya boga na kidole. Nilitumia kiganja changu kuwa boga na kidole chake kuwa insulini. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Na likifika mwilini linaachia?" Nikamwambia linaachia. "Basi ni ngata," akasema, akaendelea kuchambua choroko. Sikuwa nimemtajia ngata.

Walimu wa kemia na biolojia, na nyinyi mnaokaa kwenye kamati za istilahi za BAKITA na BAKIZA, nawaomba mlijaribu jina hili kwenye ubao na kwenye kurasa kabla hamjalikataa: molekuli shikizi kwa kundi lote, ngata kwa zile za duara, boga kwa ile ya Behrend na Mock, gango kwa inayoshika kilichovunjika. Mwenye jina bora alilete, nitafuta haya yangu kwa wino uleule mwekundu. Na wewe msomaji unayehifadhi insulini ndani ya mtungi: ile iliyo angavu ikiota pamba, usijichome. Irudishe zahanati, upewe nyingine.